Mawazo Katika Kitabu cha Geti

Mwaka ule nilikuwa soja wa kulinda geti mchana kwenye nyumba moja ya mtaa wa Milimani, na nilikuwa nimechoka kwa uchovu ambao kulala hakuuondoi. Kazi yenyewe haikuwa nzito. Kufungua geti, kufunga geti, kufagia majani ya mjakaranda, na kuandika katika kitabu: saa, namba ya gari, mgeni ni nani, anamtaka nani, ametoka saa ngapi. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanda mpunga Ahero, nimeanika dagaa wa omena visiwani, nimepasua mbao, nimeosha magari ufukweni, nimetembeza miwani ya jua. Niliacha shule darasa la saba. Siku moja tingatinga la kuchimba mifereji lilipita karibu na shule yetu, nikalifuata nione linavyofanya kazi, na kesho yake nikalifuata tena. Maisha yangu mengi yamekwenda hivyo. Nikisikia kuna kitu mahali ambacho sijakiona, miguu inaondoka kwanza, mimi nafuata.

Geti lile ndilo la kwanza kuniweka mahali pamoja zaidi ya mwaka, na nilipotulia ndipo mawazo yaliponikuta. Lililo kubwa lilikuwa moja: mimi ndiye niliyemuua baba.

Boma letu liko nyanda za Kano, upande wa Ahero, ambako mto ukivimba hauombi njia. Mwaka wa mafuriko makubwa baba alinipigia simu nikiwa visiwani. Alisema, "Maji yanapanda. Njoo tuhamishe ng'ombe." Nikamwambia nakuja kesho. Lakini kwenye ufuo wa pili ilikuwa inafungwa mashine mpya ya kutengeneza barafu ya samaki, na mimi sikuwa nimewahi kuona barafu kubwa kuliko ya kwenye glasi ya soda. Nikaenda kuiona. Nilikaa siku tatu nikiwatazama mafundi. Baba aliingia majini mwenyewe, maji ya kifuani, akawatoa ng'ombe wote. Halafu kifua kikambana, na baada ya wiki mbili akafa. Wakati huo nilikuwa nimehamia kisiwa kingine na simu nilikuwa nimeiangusha ziwani. Nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa na siku nne.

Tangu hapo nilikuwa nikienda nyumbani kama mtu aliyetumwa kupeleka barua. Nafika saa nne, naondoka saa tisa, viatu sijavua.

Mwezi wa kwanza, jua likiwa kali na mito imekauka, mdogo wangu alinipigia simu. Alikuwa na mke na watoto watatu, na nyumba yake ilikuwa ndani ya boma la baba, sehemu ya chini kabisa. Alikuwa na kipande cha ardhi ya familia kilichoinuka, karibu na barabara ya shule, ambacho maji hayakifikii. Lakini kwetu mwana hahami kwenda kufungua boma lake mpaka kaka yake mkubwa ametangulia. Akimruka, watu husema anawavutia balaa watoto wake, na hata wasioamini hawataki kuwa wa kwanza kujaribu. Kaka mkubwa ni mimi, na mimi sikuwa na boma, sikuwa na mke, sikuwa hata na kitanda changu.

"Mkubwa," alisema, "mwaka jana kitanda ya watoto tuliweka juu ya matofali tatu. Maji ilifika ya tatu. Mwaka huu niweke ngapi?"

Nikacheka.

"Usicheke, omera, ndugu yangu. Baba mdogo amesema hata kama huna bibi, uje tu. Usimamishe nguzo moja kwa uwanja wako, watu waone umetangulia. Siku moja tu, halafu urudi kwa geti yako."

Baba mdogo ni ndugu ya baba. Baba akiwa hayupo, yeye ndiye anayempeleka mwana kwenye uwanja mpya.

"Nitakuja," nikasema.

"Lini?"

"Nitakuambia."

"Kabla ya mvua?"

"Nimesema nitakuambia."

Akasema, "Sawa, Mkubwa," kwa sauti ambayo ningependelea matusi kuliko hiyo.

Siku zilizofuata moyo ulianza kunipiga vibaya. Nikifikiria kusimama mbele ya baba mdogo, mikono inakufa ganzi. Nilikuwa na hakika kwamba nikikanyaga pale na kushika nguzo, atasema mbele ya watu wote lile alilolisema matangani: kwamba kijana mkubwa angekuwepo, mzee angekuwa hai. Nikaenda zahanati ya upande wa Nyamasaria kuomba dawa ya moyo. Daktari aliusikiliza moyo mbele na nyuma, akasema ni mzima kuliko wake. Akaniuliza mambo mawili matatu, kisha akaandika kikaratasi na kunielekeza kwa mshauri nasaha, mlango wa mwisho kwenye ukumbi.

Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya neti za mbu na bado kilinuka dawa yake. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki, meza, na juu ya meza karatasi ya chooni ambayo haijafunguliwa. Mshauri alikuwa mwanamke kijana, angeweza kuwa binti yangu kama ningeanza mapema. Nikamwuliza ile karatasi ni ya nini.

"Ya machozi, kama yatakuja."

"Madam, mimi ni soja."

"Masoja nao wanalia," akasema, na akaisogeza upande wangu.

Nilimwuliza maswali mengi kabla hajaniuliza lolote. Nilitaka kujua maneno yanawezaje kufanya kazi ya dawa, na yeye akisikia habari za watu siku nzima anazimwaga wapi jioni. Alisema hana cha kunidunga wala cha kunitoa. Wazo likikaa ndani peke yake, alisema, mtu analiamini tu. Tukilitoa nje na kulitazama wawili, tunaweza kuliuliza maswali. Nikamwambia basi hiyo ni kazi ninayoijua. Mimi pia nawauliza maswali wageni wanaotaka kuingia.

Akaniangalia. "Unawauliza nini?"

"Unatoka wapi, unamtaka nani. Halafu naandika saa ya kuingia na ya kutoka."

"Na mgeni ukimwona ana sura mbaya, unaandika ni mwizi?"

"Hapana, Madam. Unaandika ulichoona. Ukiandika mwizi na kumbe ni fundi wa maji, umefutwa kazi."

"Nenda ukafanye hivyo na mawazo," alisema. "Wiki moja. Limeingia saa ngapi, limetoka wapi, linataka nini, limeondoka saa ngapi."

Sikuwa na daftari. Nikaanza kuyaandika nyuma ya kitabu cha geti, kurasa za mwisho, ambako nilidhani hakuna mtu anafika. Saa nne na dakika kumi: wewe ni mtu wa bure. Limekuja baada ya simu ya nyumbani. Limeondoka saa nne na nusu, gari la gesi lilipofika. Saa saba: ulimuua. Limekuja nikila. Halijaondoka. Saa nane kasoro robo: bado lipo. Saa nane na robo: sijui limeondoka lini, nilikuwa nikimsaidia mpishi kushika mbuzi.

Hilo la mbuzi lilinishangaza. Kwa miaka nilidhani wazo lile linakaa ndani yangu mchana kutwa. Kumbe linatoka bila kuaga, na mimi siandiki.

Soja wa usiku alikuwa mtu mzima kunizidi, mpole, mwenye redio ndogo isiyonyamaza. Nilimwita Mzee. Tulionana dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kupokezana geti. Wiki ya pili niliona amebadilika. Aliniletea unga wa uji wa wimbi kwenye karatasi. Kesho yake mayai mawili. Siku ya tatu alinishika bega akasema, "Kunywa hizi vitu, bwana. Na usiruke siku hata moja. Ukiruka ndio inakuangusha."

"Nisiruke nini, Mzee?"

Aliangalia huku na huku, ingawa barabara ilikuwa tupu, ndege tu wakubwa wa majalalani wamesimama juu ya ukuta. "Nilikuona kwa benchi ya zahanati. Ile ya ukumbini. Hata mimi nakaa hapo, mwezi kwa mwezi. Mwaka wa kumi na tano sasa."

Nikaelewa. Kwetu ukisema unakwenda kwa mshauri, watu wanajua jambo moja tu: umepimwa damu, umekutwa na virusi, unafundishwa kumeza dawa. Mlango wa dawa hizo na mlango wa mshauri inatumia benchi moja. Ningeweza kunyamaza nikaendelea kula mayai, lakini nikasema ukweli.

"Mzee, mimi sijapewa dawa. Naenda kuongea tu."

"Kuongea?"

"Ndiyo."

"Na wanakupa nini?"

"Hakuna."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Sasa unaenda kufanya nini, jamani?" Kisha akagundua alichokuwa amenifungulia, na uso wake ukaanguka. Aliinama akawa anashughulika na redio.

Niliona nimemwacha uchi barabarani. Hapo ndipo nilipomweleza habari za baba na barafu, nikiwa nimesimama na baiskeli mkononi, geti nyuma yetu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu asiyevaa kitambulisho cha zahanati. Alisikiliza mpaka mwisho. Alizima redio, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Ndio maana," akasema. "Nimesoma kule nyuma ya kitabu. Nikajiuliza, omera, huyu mgeni wa saa nne kila siku, hana gari, hana jina, na huyu mtu anamwachilia tu anaingia. Nikasema nitakuwa macho."

Tulicheka wote wawili. Mayai yaliendelea kuja.

Sitasema kwamba nilikuwa natoka chumba kile mwepesi. Mara nyingi nilitoka nimechoka kama niliyepiga jembe. Kuna siku niliangalia tu neti moja iliyosahauliwa juu ya kabati. Kuna wiki sikwenda kabisa. Nilikuwa na ruhusa ya asubuhi, nimeshavaa shati, nikasikia kwamba ufukweni wameleta chombo cha kukata magugu ya ziwa, kikubwa kama nyumba, kinameza magugu mbele na kuyatema nyuma. Nikaenda huko. Nilisimama mpaka saa saba, na niliporudi nililiandika wazo: umefanya tena kama ulivyomfanyia baba.

Wiki iliyofuata nilimwambia mshauri, nikingoja anigombeze.

"Ulikiona?" aliuliza.

"Nilikiona."

"Kinafanyaje?"

Nikamweleza meno yake, mkanda unaozunguka, na jinsi ndege walivyokifuata kula vidudu. Alisikiliza kwa makini, akauliza magugu hupelekwa wapi. Kisha akasema, "Ile siku ya barafu, ulijua baba yako ataugua?"

"Sikujua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ng'ombe wanahamishwa. Kila mwaka wanahamishwa."

Alichukua karatasi akapiga mstari katikati. Upande mmoja aliniambia tuandike kilichoingia getini, kile ambacho mtu yeyote aliyesimama pale angekiona. Baba alipiga simu. Nilisema kesho. Sikwenda. Aliingia majini. Alikuwa na kifua kibovu tangu sijazaliwa. Alikufa. Sikumzika. Upande wa pili tuandike nilichoongeza mimi. Nilimuua. Mimi ni balaa. Wote wanajua.

"Na hili la baba yako mdogo," akasema. "Alilosema matangani. Linakaa wapi?"

Nikanyoosha kidole upande wa kwanza, kisha kidole kikabaki hewani. Matangani mimi sikuwepo. Nilitafuta nani aliniambia. Si mdogo wangu. Si mama, ambaye naye alishafariki. Niliisikia sauti ya baba mdogo waziwazi, na kikohozi chake, lakini sikupata mtu hata mmoja aliyeniletea maneno yale.

Niliifungua ile karatasi ya chooni.

Baadaye nikamwambia, "Kwa hiyo sina kosa."

Alitikisa kichwa polepole. "Kutokwenda ni kweli, nawe unajua ni kweli. Liko upande wa kwanza na halitatoka. Hilo utalibeba. Mimi nauliza kama unabeba na mengine yasiyokuwa yako."

Nilimheshimu kwa hilo. Angenipaka mafuta nisingerudi.

Tulipofika mwezi wa tatu mawingu yalianza kurundikana jioni upande wa milima ya Nandi. Mdogo wangu hakupiga simu tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kupiga. Nilimwambia mshauri kwamba naweza kupanda gari, naweza kufika, lakini mbele ya baba mdogo sitaweza kufungua mdomo. Akasema tujaribu hapo hapo, yeye awe baba mdogo.

"Wewe ni mtoto sana kuwa baba mdogo wangu."

"Nielekeze. Anakaaje?"

"Panua magoti kidogo. Egemea fimbo. Usitabasamu, yeye hatabasamu."

Akachukua ufagio akauegemea, akanikodolea macho. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikajaribu, na sauti ikakatika. Tulijaribu mara nne. Ya nne nilisema yote: kwamba baba aliniita nikamwambia kesho, kwamba sikuja, kwamba nimekaa mbali kwa aibu, na kwamba nimekuja kutangulia ili mdogo wangu ahame. Mshauri alibaki ameuegemea ufagio wake. Kisha akasema, "Baba mdogo amesikia."

Jumamosi iliyofuata Mzee alinishikia zamu, akalinda usiku na mchana bila kudai lolote. Niliteremka Ahero nikatembea kilomita za mwisho kwenye tope kavu lililopasuka. Mdogo wangu alinikuta njiani. Hakuamini mpaka aliponiona nimevua viatu.

Uwanja wangu ulikuwa hatua kama sitini kutoka wake, juu kule karibu na barabara ya shule. Walikuwepo majirani sita au saba, mke wa mdogo wangu na watoto, na baba mdogo kwenye kiti, magoti yamepanuka, fimbo katikati. Karibu nicheke tena.

"Umenenepa," alisema.

"Nimekaa mahali pamoja, Baba."

"Nguzo ni ile. Shimo limechimbwa. Mbona unasimama?"

Wazo likaja. Mikono ikafa ganzi. Niliangalia saa ya simu, kwa mazoea: saa tano na dakika ishirini. Ulimuua, na hawa wote wanajua. Nikaliacha limesimama hapo nilipolikuta, nikasema niliyokuwa nimeyasema mbele ya ufagio. Sikuyasema vizuri. Niliruka ile sehemu ya aibu nikairudia. Watoto waliacha kucheza.

Baba mdogo alichora ardhi kwa ncha ya fimbo.

"Siku ile alinipigia na mimi," alisema mwishowe. "Nilikuwa na wageni. Nikamwambia ng'ombe wangoje. Akanitusi, akakata simu." Alikohoa, kikohozi kile kile. "Simamisha nguzo, mtoto wangu. Jua linapanda."

Nikaishika nguzo, mdogo wangu akashindilia udongo kwa mti na kisigino. Haikuwa imenyooka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiana na mwenzake. Tulikula samaki na ugali, na kabla sijaondoka mdogo wangu alikuwa ameshapima nyumba yake kwa kamba, akigombana na mkewe juu ya mlango utazame wapi.

Nililala kwao usiku ule. Kitanda cha watoto kilikuwa bado juu ya matofali matatu.

Mvua zilifika mwezi uliofuata. Wazo halikuacha kuja. Lilikuja siku za mawingu zaidi, likakaa saa moja, saa mbili, na mimi nikaandika. Nilikuwa bado nachoka, na bado nilikuwa nakwenda kwa mshauri kila wiki ya pili, nikikaa benchi moja na Mzee siku zake zikigongana na zangu, kila mmoja akingoja mlango wake.

Asubuhi moja, maji yakitiririka hata kwenye barabara za Milimani, mdogo wangu alipiga simu.

"Maji imeingia boma ya baba mpaka dirishani," alisema.

"Na nyinyi?"

"Sisi tuko huku juu, Mkubwa. Watoto wamelala mpaka saa hizi. Lakini nguzo yako ng'ombe wameifanya ya kujikunia. Imelala upande. Ukija, uje na sululu."

"Nitakuja."

"Lini?"

Nilifungua kitabu cha geti mbele, si nyuma, nikatafuta kwenye orodha ya zamu siku yangu ya mapumziko.

"Alhamisi," nikasema.